Vita Ambavyo Rais Hakuviamini

Tarehe 27 Mei 1964, Rais Lyndon Johnson wa Marekani alizungumza kwa simu na mshauri wake wa usalama wa taifa, McGeorge Bundy. Simu za ofisi yake zilikuwa zikirekodiwa, na kanda hiyo ipo mpaka leo. Johnson anasema amekesha akiiwaza Vietnam. Anasema haoni kama nchi ile inastahili kupiganiwa, na wala haoni mlango wa kutokea. Siku hiyohiyo alizungumza na Seneta Richard Russell wa Georgia, rafiki wa miaka mingi aliyemlea kisiasa, akamwuliza kama rais atakayeikimbia Vietnam hataishia kuondolewa na Bunge. Wakati huo Marekani ilikuwa na wanajeshi wapatao 16,000 nchini humo, na waliitwa washauri. Machi 1965 vikosi vya kwanza vya mapigano viliteremka ufukweni Da Nang. Kufikia Aprili 1969 wanajeshi walikuwa 543,000.

Maelezo mengi ya vita vya Vietnam huanza na ujinga: Wamarekani hawakuijua nchi, hawakuijua lugha, hawakuijua historia yake. Yana ukweli wake. Lakini kanda ile inatuonyesha jambo zito zaidi. Mtu aliyetoa amri hakuwa na imani na vita alivyoviamuru, na aliiogopa Washington kuliko alivyoiogopa Hanoi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pa kutafutia chanzo cha vita hivyo, na hapohapo ndipo pa kutafutia chanzo cha ule mpasuko vilioacha ndani ya Marekani. Vijana walipelekwa kuua na kufa kwa jambo ambalo waliowapeleka walikuwa na shaka nalo tangu mwanzo.

Septemba 2, 1945, katika uwanja wa Ba Dinh mjini Hanoi, Ho Chi Minh alitangaza uhuru wa Vietnam. Alifungua hotuba yake kwa maneno ya Azimio la Uhuru la Marekani la mwaka 1776. Hakufanya hivyo kwa madoido. Miezi michache kabla, maofisa wa ujasusi wa Marekani walikuwa naye msituni kaskazini, wakiwafundisha wapiganaji wake wa Viet Minh kutumia silaha dhidi ya Wajapani, na tabibu wao mmoja alimtibu akiwa hoi kwa homa. Njaa ya mwaka 1944 na 1945, chini ya utawala wa Ufaransa na Japani, ilikuwa imeua mamia ya maelfu ya watu kaskazini. Wapo wanaokadiria kwamba walifika milioni 2. Mtu aliyevunja maghala ya mpunga na kuwagawia wenye njaa hakuhitaji tena kumweleza mkulima maana ya uhuru, na Viet Minh ndio waliofanya kazi hiyo. Ho alimwandikia Rais Truman akiomba Marekani iuunge mkono uhuru huo. Hakujibiwa.

Hakujibiwa kwa sababu Ufaransa iliitaka koloni yake irudi, na Marekani iliihitaji Ufaransa Ulaya dhidi ya Urusi. Mwaka 1949 Mao alishika China. Mwaka 1950 vita vya Korea vililipuka. Kuanzia hapo vita vya mkoloni kurudisha shamba lake vilibadilishwa jina, vikaitwa sehemu ya mapambano ya dunia dhidi ya ukomunisti, na fedha zikaanza kumiminika. Kufikia 1954 Marekani ilikuwa ikilipa karibu asilimia 80 ya gharama za vita vya Ufaransa.

Fedha hizo ziliishia bondeni Dien Bien Phu. Anayeijua Dar es Salaam amewaona wauza mkaa wakisukuma baiskeli zenye magunia yaliyopanda kuliko kichwa cha msukumaji. Viet Minh waliitumia akili hiyohiyo. Walifunga kipande cha mwanzi kwenye usukani, wakaimarisha fremu, na kila baiskeli ikabeba kilo 200 au zaidi za mchele na risasi kupitia njia za milimani. Mizinga waliivuta kwa kamba na mikono ya watu hadi juu ya vilima ambavyo Wafaransa waliamini havipandiki. Jenerali Vo Nguyen Giap, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa historia, aliishambulia ngome ya Wafaransa bondeni humo kuanzia Machi 13, na Mei 7, 1954 Wafaransa wakasalimu amri. Habari hiyo ilisikika Algeria, ikasikika kila mahali palipokuwa na bendera ya mkoloni.

Mkutano wa Geneva uliigawa nchi kwa muda kwenye nyuzi 17 kaskazini, uchaguzi wa kuiunganisha ukapangwa Julai 1956. Haukufanyika. Ngo Dinh Diem, aliyeshika kusini kwa msaada wa Marekani, aliukataa, na Marekani ikamuunga mkono kwa sababu kila mtu alijua nani angeshinda. Rais Eisenhower mwenyewe aliandika baadaye kwamba kama kura ingepigwa wakati wa mapigano yale, huenda watu 80 katika kila 100 wangemchagua Ho Chi Minh.

Nchi iliyosema inatetea demokrasia iliizuia kura, na hili lingetosha kuwa jibu la swali la chanzo kama upande wa pili ungekuwa safi. Haukuwa. Mageuzi ya ardhi kaskazini, kati ya 1953 na 1956, yaliwaua maelfu ya watu walioitwa makabaila, wengine wakiwa wakulima wa kawaida waliosingiziwa na majirani, na chama chenyewe kilikiri makosa na kuomba radhi. Karibu watu milioni moja, wengi wao Wakatoliki, walihamia kusini baada ya Geneva. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Swali linaloulizwa mara nyingi, kama Ho alikuwa mzalendo au mkomunisti, halina msaada: alikuwa vyote viwili, na wananchi wengi walimfuata kwa lile la kwanza huku wakilikubali la pili kama bei yake.

Kusini, Diem aliwapa adui zake kila walichohitaji. Aliwarudisha wenye mashamba vijijini pale Viet Minh walipokuwa wamewagawia wakulima ardhi. Alijaza ndugu zake serikalini. Mwaka 1962 aliwahamisha wakulima kwa nguvu na kuwaweka katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge na miti iliyochongwa, akishauriwa na Robert Thompson, Mwingereza aliyekuwa ameifanya kazi hiyo Malaya. Wazee wa Kenya ya Kati hawahitaji kuelezwa vijiji hivyo ni nini. Kuanzia 1954 Waingereza waliwasomba humo Wakikuyu zaidi ya milioni moja ili kuwatenga na Mau Mau. Lakini Malaya na Kenya zilikuwa na mkoloni mwenye dola kamili. Diem hakuwa nayo, na mkulima wa Mekong aliyeondolewa penye makaburi ya wazazi wake alitoka ndani ya uzio huo akiwa mfuasi wa waasi. Juni 11, 1963, mtawa wa Kibuddha Thich Quang Duc alikaa katikati ya njia panda Saigon, akajiwasha moto bila kutikisika, akipinga mateso ya Wabuddha. Picha yake ilizunguka dunia. Novemba majenerali wa Diem wakampindua na kumuua, Marekani ikijua mipango yao.

Sasa tuitazame hoja ambayo Johnson aliirithi. Aprili 7, 1954, Dien Bien Phu ikiwa imezingirwa, Eisenhower aliwaambia waandishi wa habari kwamba nchi ni kama kete za dhumna zilizosimamishwa mstari: ukiiangusha ya kwanza, ya mwisho nayo italala. Aliyekulia kwenye baraza za Unguja au Mombasa atauona mfano huo ni mgeni. Barazani dhumna huchezwa kwa kuutazama uso wa kila kete. Penye sita huwezi kuweka tatu. Mfano wa Eisenhower ulizifuta nyuso zote. Thailand yenye mfalme wake, Malaya, Indonesia, Burma, zote zikawa vipande vya mti visivyo na alama, vinavyosubiri kusukumwa.

Na kete hizo hazikupangwa Asia peke yake. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalipotokea, maofisa wa Marekani walianza kuviogopa visiwa hivyo kama Kuba ya Afrika. Novemba mwaka huo ndege za Marekani ziliwashusha askari wa miavuli wa Ubelgiji Stanleyville, Kisangani ya leo, kuwaokoa mateka Wazungu na kuuvunja uasi wa Simba nchini Kongo. Kote huko watu walikuwa na madai yao ya ardhi, ya madaraka, ya damu iliyomwagika, na kote huko madai hayo yalisomwa kama barua kutoka Moscow au Peking. Tanzania, kwa upande wake, ilifungua uhusiano wa kibalozi na Hanoi Februari 1965, wiki chache kabla ya mabomu kuanza kumwagwa kaskazini siku baada ya siku.

Je, Johnson aliiamini nadharia ya dhumna? Kwa kiasi. Alichokiamini kwa moyo wote ni siasa za nyumbani. Mao aliposhinda, Wademokrati walishambuliwa kwa miaka wakiulizwa nani aliipoteza China, na Seneta Joseph McCarthy akawinda wakomunisti hadi ndani ya ofisi za serikali. Johnson alikuwa na ndoto kubwa: haki za raia kwa Weusi, matibabu kwa wazee, vita dhidi ya umaskini. Aliona kwamba akiitwa rais aliyeipoteza Vietnam, Bunge lingezika mipango hiyo yote. Mimi simwoni kama mtu mbaya, na ndiyo maana kisa chake kinauma. Alipeleka vijana vitani ili kulinda mambo mema, na vita vikayala mambo hayo.

Agosti 1964 ikampa kisingizio. Tarehe 2 boti za Vietnam Kaskazini ziliishambulia manowari ya Marekani katika Ghuba ya Tonkin. Tarehe 4 likatangazwa shambulio la pili, ambalo leo inajulikana kwamba halikutokea. Mabaharia walisoma vibaya mitambo yao gizani, katika bahari iliyochafuka. Tarehe 7 Bunge likampa rais ruhusa ya kutumia nguvu. Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 416 kwa sifuri, Seneti 88 kwa 2. Wawili hao, Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska, walipoteza viti vyao mwaka 1968.

Kuhusu mapigano yenyewe nitasema machache. Jeshi lisiloweza kuonyesha mji uliotekwa lilihesabu maiti, na kamanda aliyepandishwa cheo kwa idadi ya maiti hakuwa na sababu ya kuuliza kila maiti alikuwa nani. Machi 16, 1968 katika kijiji cha My Lai, askari wa Marekani waliua wazee, wanawake na watoto. Wavietnam wanahesabu 504. Rubani wa helikopta, Hugh Thompson, alitua kati ya askari wenzake na wanakijiji waliokuwa wakikimbia ili kuwaokoa. Wiki chache kabla ya hapo, katika mashambulizi ya Tet, sikukuu ya mwaka mpya wa Kivietnam, wakomunisti waliuteka mji wa Hue, na walipoondoka makaburi ya halaiki yalifukuliwa yakiwa na maiti zipatazo 2,800. Anayekumbuka kaburi moja na kulisahau la pili anapigana vita vile mpaka leo.

Mashambulizi ya Tet yalishindwa kijeshi, lakini yaliwafikia Wamarekani sebuleni. Walikuwa wameambiwa kwamba adui amechoka. Sasa walimwona kwenye televisheni ndani ya ua wa ubalozi wao Saigon. Machi 31, 1968 Johnson alitangaza kwamba hatagombea tena. Mwaka huo, mazungumzo ya amani Paris yakiwa karibu kupata njia, watu wa mgombea urais Richard Nixon waliishauri Saigon kwa siri ivute muda mpaka uchaguzi upite. Nixon akashinda. Wamarekani zaidi ya 20,000 walikufa baada ya yeye kuingia madarakani, na Wavietnam wengi mara nyingi zaidi ya hao.

Mpasuko wa Marekani huelezwa kana kwamba vijana wenye nywele ndefu waligombana na baba zao. Tuulize nani alikwenda. Kijana aliyekuwa chuoni aliweza kuahirishiwa wito wa jeshi. Aliyeshindwa kulipia chuo alikwenda. Mwaka 1966 Waziri wa Ulinzi Robert McNamara alishusha vigezo ili kuchukua vijana waliokuwa wamefeli mitihani ya jeshi, na zaidi ya 300,000 wakaingizwa kwa njia hiyo. Katika miaka ya kwanza ya mapigano Weusi, waliokuwa asilimia 11 hivi ya watu wote, walikuwa karibu moja ya tano ya waliouawa. Martin Luther King alipohubiri dhidi ya vita katika kanisa la Riverside, New York, Aprili 4, 1967, magazeti makubwa yalimkemea, na hata baadhi ya viongozi wa harakati zake walimtaka abaki kwenye mambo ya Weusi. Kana kwamba hayo hayakuwa mambo ya Weusi. Siku 24 baadaye, mjini Houston, bondia Muhammad Ali aliitwa jina apige hatua mbele aandikishwe, akasimama palepale. Alinyang'anywa ubingwa na kuzuiwa kupigana kwa zaidi ya miaka mitatu. Mahakama ya Juu ilimsafisha Juni 1971, lakini ubingwa ilibidi aufuate Kinshasa, Oktoba 1974, huku uwanja mzima ukimwimbia.

Mei 4, 1970, baada ya Nixon kuivamia Kambodia, askari wa akiba waliwapiga risasi wanafunzi wanne wakafa katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio. Siku chache baadaye polisi waliwaua vijana wawili Weusi katika chuo cha Jackson State, Mississippi, na taifa likawaomboleza kidogo zaidi. Katika kura ya maoni iliyofuata, 58 katika kila 100 walisema lawama ya Kent State ni ya wanafunzi wenyewe. New York, mafundi wa ujenzi wakiwa na kofia zao ngumu waliwapiga waandamanaji mitaani. Wasomi wengi wamewadharau mafundi wale. Mimi naona ilikuwa rahisi kuwachukia: mtoto wa fundi ndiye aliyekuwa Vietnam, na anayeambiwa kwamba mwanawe anafia bure hana namna ya kulipokea neno hilo. Hasira yao ilistahili kwenda kwa waliokuwa na shaka tangu Mei 1964 na wakanyamaza.

Ndiyo maana hati za siri za Pentagon, zilizofichuliwa na Daniel Ellsberg na kuchapishwa Juni 1971, ziliuma kuliko maandamano yoyote. Kurasa zipatazo 7,000 zilionyesha kwamba serikali moja baada ya nyingine ilijua mambo si mazuri na ikasema yanakwenda vizuri. Watu wa Nixon walimwinda Ellsberg hata wakavunja ofisi ya daktari wake wa akili, na kundi hilohilo ndilo lililokuja kukamatwa kwa uvamizi wa Watergate. Mwaka 1964 Wamarekani zaidi ya robo tatu waliiamini serikali yao. Mwaka 1974 walibaki theluthi na kidogo. Imani ile haijarudi. Uandikishaji wa lazima ulikomeshwa 1973, na matokeo yake ni kwamba Marekani tangu hapo imeweza kupigana miaka 20 Afghanistan bila familia nyingi za mjini kumjua askari hata mmoja.

Saigon ilianguka Aprili 30, 1975. Wamarekani waliokufa ni zaidi ya 58,000, na majina yao yamechongwa kwenye ukuta mweusi Washington. Serikali ya Vietnam ilitangaza mwaka 1995 kwamba wapiganaji wa upande wake milioni 1.1 na raia milioni 2 walikufa. Askari wa kusini waliokufa ni zaidi ya 200,000, na makaburi yao yalipuuzwa kwa miaka mingi. Washindi waliwaweka maofisa na watumishi wa kusini katika kambi za kufunzwa upya, wengine zaidi ya miaka kumi. Watu wapatao 800,000 walifika nchi jirani kwa mashua, na wengi wasiohesabika walizama au kuuawa na maharamia. Ukombozi unaowafanya raia kuchagua bahari una deni la kujieleza, na Hanoi haijajieleza vya kutosha.

Laos, nchi ambayo rasmi haikuegemea upande wowote, ilimwagiwa zaidi ya tani milioni 2 za mabomu kati ya 1964 na 1973. Kambodia ilipigwa kwa siri, kisha waziwazi. Serikali yake ikapinduliwa, na katika vurugu hizo wakakua waasi wa kikomunisti wa Khmer Rouge, waliowaua watu wapatao milioni 1.7 kuanzia Aprili 1975. Na ni wakomunisti wa Vietnam waliowaondoa. Waliingia Kambodia Desemba 1978, wakati uleule majeshi ya Tanzania yakijibu uvamizi wa Idi Amin huko Kagera. Phnom Penh ilianguka Januari 7, 1979, Kampala Aprili 11. Majeshi mawili ya nchi maskini yaliwaondoa watawala wawili wauaji ndani ya miezi michache, na dunia ikayapokea tofauti kabisa: China iliivamia Vietnam kuiadhibu, na wajumbe wa Khmer Rouge waliendelea kukalia kiti cha Kambodia Umoja wa Mataifa kwa zaidi ya miaka kumi, Marekani ikiunga mkono. Kete zilizodhaniwa za mkono mmoja zilikuwa zikiraruana zenyewe kwa zenyewe. Thailand, Malaysia na Indonesia hazikuanguka.

Mwaka 1986 chama cha kikomunisti cha Vietnam kiliruhusu soko, na mwaka 1995 Vietnam na Marekani zikarejesha uhusiano. Mkulima wa Mtwara anaijua Vietnam kwa sababu korosho yake ghafi husafirishwa kwenda kubanguliwa huko. Mtandao wa Halotel unaowaunganisha Watanzania vijijini ni wa Viettel, kampuni ya Wizara ya Ulinzi ya Vietnam, mrithi wa jeshi lilelile lililosukuma baiskeli milimani. Haya ndiyo yaliyokuwa yakiogopwa.

Lakini ardhi haijamaliza vita. Tangu 1975 mabomu yaliyolala bila kulipuka yamewaua Wavietnam zaidi ya 40,000, wengi wao wakulima wenye jembe mkononi na watoto waliookota kitu kinachong'aa. Lita zaidi ya milioni 70 za sumu ya kuua majani zilimwagwa kutoka angani kati ya 1961 na 1971, na dioksini iliyokuwamo ilibaki kwenye matope, ikaingia kwa samaki, ikaingia kwa akina mama. Da Nang, mji uleule wa ufukwe ule, udongo wa uwanja wa ndege ulichimbwa, ukafungiwa ndani ya tanuri kubwa na kupashwa joto la zaidi ya nyuzi 300 ili sumu ife, kwa fedha za Marekani, na kazi ikamalizika 2018. Bien Hoa, ambako sumu ni nyingi zaidi, walianza kusafisha 2019, na walijiwekea miaka 10.